Mbegu Juu ya Moshi

Kosa ninalokusudia kulieleza ni la kumpangia mtu mwingine mwaka wake. Si kosa la waovu. Mara nyingi hutendwa na watoto wema, wenye nia safi na uwezo wa kutosha, dhidi ya wazazi wanaowapenda, na kwa sababu hiyo hakuna anayelikemea. Mwizi tunamtambua kwa kile anachoondoka nacho. Anayempangia mwenzake mwaka haonekani kuchukua kitu, na aliyechukuliwa hutarajiwa kushukuru. Nililishuhudia kosa hili nyumbani kwetu, katika kijiji kimoja cha milimani mkoani Iringa, na aliyelitenda ni kaka yangu mkubwa, mtu ambaye hadi leo namhesabu kuwa bora kuliko mimi kwa mambo mengi.

Yafaa kwanza nieleze namna mwaka unavyohesabiwa katika nyumba ile. Sisi tuliokwenda shule na kuajiriwa tuliuchukua mwaka unaoanza Januari, pamoja na maazimio yake na salamu zake za simu. Mama hakuuchukua. Kwake mwaka huanza na mvua ya kwanza, ambayo huweza kufika Novemba au kuchelewa hadi Desemba, na maandalizi yake huanza miezi mingi kabla, wakati wa kuvuna. Akivuna, huteua mahindi yaliyonyooka mistari na kufunikwa vizuri na maganda hadi nchani. Huyavua maganda bila kuyang'oa, huyafunga mawili mawili kwa maganda hayohayo, kisha huyaning'iniza kwenye boriti iliyo juu ya mafiga, katika jiko la nje. Moshi wa kila siku huyapaka masizi, na fukusi hawayasogelei. Hiyo ndiyo mbegu. Haiguswi kwa njaa wala kwa mgeni.

Mama hakuwa na desturi ya kuzungumzia mwaka ujao. Akiulizwa, alijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye, akaendelea na kazi yake. Lakini aliyetaka kujua nia yake alihitaji tu kuingia jikoni na kutazama juu. Mzigo mkubwa ulimaanisha kwamba atalima shamba la nyumbani na lile la bondeni. Mzigo mdogo ulimaanisha la nyumbani peke yake. Majirani waliusoma vivyo hivyo, kwa kuwa kila jiko kijijini lilikuwa na boriti ya namna hiyo. Boriti tupu mwezi wa Novemba ilikuwa na maana moja tu: mwenye jiko ameacha kulima, iwe kwa kufa, kwa kuhama au kwa kukubali uzee. Watu wakiiona, walikuja kwa adabu kuomba ardhi yake.

Niongeze jambo moja. Mbegu katika kijiji kile huitwa kwa jina la aliyeileta. Aliyoileta mama alipoolewa iliitwa mbegu ya bibi harusi, na iliendelea kuitwa hivyo hata alipokuwa mjane mwenye wajukuu. Karibu kila nyumba jirani ilikuwa imewahi kuomba kidogo ya mbegu hiyo, baada ya msimu mbaya au baada ya panya, na mama hakumnyima mtu.

Mwaka ninaousimulia tulikusanyika mwishoni mwa Novemba kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka baba. Kaburi lake lilikuwa limejengewa kwa saruji, na mchungaji alikuwa aje Jumapili kulibariki kabla mvua hazijaanza. Kaka, aliye na duka la vipuri vya magari mjini Mbeya, ndiye aliyegharamia yote. Alikuja Ijumaa pamoja na mkewe, gari likiwa limejaa sufuria, viti vya kukodi na magunia ya mchele alioununua njiani, Igawa. Mdogo wetu wa mwisho alitoka Makongolosi, ambako kwa miaka mingi amekuwa akichimba dhahabu na wenzake. Mimi nilitoka Iringa mjini. Hao ndio watoto wote waliobaki wa nyumba ile.

Mdogo wetu ni mtu mwenye mwaka ujao wa kudumu. Kila tukutanapo, duara, yaani shimo la dhahabu, analochimba wakati huo limekaribia mwamba wenye mali, na mwaka unaokuja ndio mwaka wenyewe. Mama humsikiliza hadi mwisho kisha humuuliza kama amekula. Sikuwahi kumsikia akimpinga. Nadhani alimwona mwanawe huyu kuwa na kitu kinachofanana na boriti yake, ingawa kinaning'inia mahali ambapo hakuna anayeweza kukiona.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni binti wa wafanyabiashara Waislamu wa Mbeya ambao babu zao walitoka pwani. Alikuwa ameishi katika ukoo wetu miaka mingi, na mama alimheshimu kupita kiasi. Akifika kijijini aliletewa kiti. Akisogelea ndoo, ndoo iliondolewa. Akitaka kuchambua mboga, aliambiwa apumzike, safari ilikuwa ndefu. Kwa nje ilionekana ni ukarimu. Wifi, ambaye si mjinga, alijua kwamba anayeletewa kiti kila mara hajawa mtu wa nyumba ile. Hakulalamika. Aliketi.

Sasa nifike kwa kaka. Mvua zilizopita mama alikuwa ameteleza kwenye njia ya bondeni, akalala pale akiwa ameumia mguu mpaka alipopita mtu. Habari hiyo ilimfikia kaka akiwa dukani, na nadhani tangu siku hiyo hakutulia. Alijenga chumba nyumbani kwake Mbeya, chenye sakafu ya vigae, choo cha ndani na dirisha linaloutazama mlima Loleza. Alikipaka rangi, akaweka kitanda kifupi ili mama asipate taabu kupanda. Alikuwa amekusudia kuondoka naye Jumatatu, mara tu baada ya ibada. Alimwambia mkewe. Aliniambia mimi kwa simu, nami nikamjibu kwamba amwambie mama. Akasema atamwambia, kila jambo lina wakati wake. Lakini mama mwenyewe hakuambiwa.

Jumamosi mama alikwenda kanisani na kina mama wenzake kupanga maua na nyimbo za kesho yake. Mimi nilikuwa makaburini na mafundi waliokuwa wakimalizia kusakafia. Nyumbani kaka alisimamia usafi. Jiko la nje lilimkera, kwa kuwa wapishi wa shughuli wangeingia humo na masizi yalikuwa yakidondoka. Akawaagiza vijana waliokuja kusaidia waishushe mizigo ya mahindi, wayapukuchue, wayachanganye na mahindi ya chakula na kuyapeleka mashineni. Wifi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake uani, alimuuliza kama mama anajua.

"Mwaka ujao mama halimi," kaka alimjibu. "Mbegu za nini?"

Wifi aliniambia baadaye kwamba hakuelewa kilichokuwa kikishushwa. Alichokielewa ni kwamba mumewe alikuwa ameinua sauti kidogo kuliko swali lilivyohitaji.

Mama aliporudi alisimama mlangoni mwa jiko na kutazama juu. Boriti ilikuwa imefutwa kwa kitambaa chenye maji. Aliuliza mahindi yako wapi, akaambiwa. Hakugomba wala kulia. Aliuliza kama unga ulichekechwa vizuri, maana mahindi ya moshi huacha weusi, kisha akaingia ndani kuvua nguo za kanisani.

Jumapili kaburi lilibarikiwa. Mchungaji alisema maneno ya kutosha, kwaya iliimba, na watu wakaja uani kula. Kulikuwa na pilau kwa waliopenda pilau, na ugali kwa wazee wasiohesabu wali kuwa chakula. Huo ugali ulikuwa wa mbegu. Tuliila mbegu ya mama katika kumbukumbu ya mtu aliyeipokea siku alipomwoa, na wengi walisifu unga kuwa mtamu. Mama alikula kidogo, kwa sababu wageni walikuwa wakimtazama.

Baada ya chakula jirani yetu wa upande wa mto, ambaye alikuwa ameingia jikoni kurudisha sufuria, alimfuata mama mahali alipokuwa ameketi. Alivua kofia na kuchuchumaa kidogo kama ipasavyo. Alimsalimu kwa Kihehe, akamshukuru kwa siku ya leo, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wa mjini tusikie na tusije kudai baadaye kwamba hatukuwapo:

"Mama, tumeona umepumzika. Kama lile la bondeni litakuwa wazi, usinisahau mimi niliye karibu."

Hakukuwa na dharau katika maneno hayo. Mtu yule alikuwa amesoma kilichoandikwa juu ya mafiga, akafanya ambalo kila mwenye adabu angelifanya. Mama alimwambia kwamba atamjibu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila mikono aliifunika kwa ncha ya kanga.

Wageni walipopungua kaka aliita kikao cha familia sebuleni. Ni mzaliwa wa kwanza, na siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba. Aliipanga miaka yetu mmoja baada ya mwingine. Mdogo wetu angeacha machimbo na kuja dukani. Mdogo alijibu kwamba amekubali, isipokuwa aongezewe msimu mmoja tu, kwa kuwa duara lao limekaribia mwamba. Na akaomba radhi kwa kaka mapema kwa jinsi atakavyomnunua yeye na duka lake. Tulicheka, hata kaka. Mimi niliambiwa niombe uhamisho kwenda Mbeya ili tuwe karibu. Nilisema nitafikiri. Kisha kaka akaeleza habari za chumba. Aliutaja mguu, njia ya bondeni, baridi, upweke wa mama, hospitali iliyo umbali wa kutembea kutoka kwake. Kila alichokitaja kilikuwa kweli. Aliongea vizuri, na nilipomtazama niliona kwamba alikuwa akiomba zaidi kuliko kuamuru, ingawa mpangilio wa maneno ulikuwa wa kuamuru.

Mama alimwacha amalize.

"Baba," alimwambia, kama amwitavyo tangu utotoni, "hicho chumba ni kizuri, sina shaka. Lakini habari za mwaka wangu nimezisikia kwa jirani kabla sijazisikia kwako."

Kaka akafanya kile ambacho watu wenye uwezo hufanya wanapoaibika: alitafuta sehemu ya tatizo inayoweza kununuliwa. Kama ni mbegu, alisema, maduka ya pembejeo Iringa mjini yamejaa, kesho asubuhi atamletea mfuko.

"Maduka yamejaa, ndiyo," mama alisema. "Boriti yangu ndiyo tupu."

Sikuona namna ya kulitatua jambo lile. Mama hakuwa akibishania mahindi. Mbegu ya dukani huhifadhiwa mfukoni, haitundikwi, na mfuko haumwambii jirani lolote. Mvua ilikuwa ikinukia tayari upande wa mashariki. Kama ingenyesha boriti ikiwa vile ilivyo, jirani angekuja kuchukua jibu lake, na mama, ambaye hajui kumwambia mtu uongo, angekuwa hana cha kumwonyesha. Baada ya hapo chumba cha Mbeya kingekuwa mahali pekee palipobaki kwa ajili yake. Angekwenda, tena bila kinyongo, na asingekuwa tena mtu mwenye mwaka ujao. Angekuwa mtu anayetunzwa.

Wifi aliondoka sebuleni wakati huo. Nilidhani amechoshwa na mambo yetu. Nilipotoka nilimkuta jikoni akipakua pilau iliyobaki katika mabakuli na kuyafunika kwa sahani. Aliniomba nifuatane naye kwa majirani, kwa kuwa Kihehe hakijui. Kupeleka chakula kwa majirani baada ya shughuli ni jambo la kawaida kwetu pia, kwa hiyo sikuuliza kitu. Njiani ndipo aliponieleza kwamba nyumbani kwao, kwa desturi waliyotoka nayo pwani, chombo kilichokwenda kwa jirani na chakula hakirudishwi kitupu. Huwekwa chochote: limau, chumvi, vipande vya muhogo. Alitaka kujua kama watu wa huku watachukizwa akiwaomba.

Nilimwambia kwamba sijui. Hilo lilikuwa jibu la kweli.

Katika nyumba ya kwanza tulimkuta bibi mmoja akianua nguo. Wifi alimwamkia, akampa bakuli kwa mikono miwili, kisha akasema nami nikatafsiri:

"Mimi ni mkwe wa nyumba ile. Naomba chombo changu kisirudi kitupu."

Bibi aliuliza anataka kitu gani. Wifi alisema anataka mahindi yaliyo juu ya moto, japo mawili. Bibi alimtazama gauni lake, viatu vyake, na kanga aliyojitanda vizuri, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mnyalukolo wa mjini," alisema, akimwita ndugu kwa namna yetu, "utayatafuna na masizi yake?"

"Nitayafunga kwa mama," wifi alijibu. "Kuna mtu alisafisha jiko lake kupita kiasi."

Kicheko kilikatika. Bibi alikuwa ameiona boriti, kama walivyoiona wote. Aliingia jikoni kwake, akakaa kidogo, akatoka na fungu lililofungwa kwa maganda, akisema kwamba hii ni ya bibi harusi, aliyopewa na mama mwaka panya walipomaliza mbegu zake. Tulikwenda nyumba iliyofuata, na nyingine. Wengine walitoa mahindi yaliyotokana na mbegu ya mama, wengine ya ukoo wao wenyewe, ya njano kidogo au yenye punje zilizochanganyika na zambarau. Hakuna aliyetunyima. Mwisho tulifika kwa jirani wa upande wa mto. Wifi alirudia maneno yaleyale, asiongeze wala kupunguza. Mtu yule alielewa kabla sijatafsiri. Ningemwelewa kama angepokea pilau na kutuaga. Badala yake alipanda kwenye kigoda na kushusha fungu lililo bora kuliko yote. Alimkabidhi wifi na kusema tu kwamba amsalimie mama.

Tuliporudi gauni la wifi lilikuwa na michirizi myeusi tangu bega hadi kiunoni. Aliweka kanga mbele ya mama na kuifungua. Kaka alikuwa mlangoni, mdogo wetu nyuma yake, na safari hii hakuwa na mzaha. Mama alichukua hindi moja baada ya jingine, akalitazama nchani, akabonyeza punje kwa kucha. Yake aliyatambua na kuyaweka upande mmoja. Mengine aliyauliza yametoka kwa nani, nami nikamwambia. Machache aliyakataa kwa sababu yalikuwa na dalili za fukusi. Alipomaliza alimtazama wifi, na mimi nilitarajia ashukuru na kuagiza kiti kiletwe.

"Panda kwenye kigoda hicho," alimwambia. "Mimi mguu hauniruhusu. Yafunge mawili mawili, uyasogeze katikati, moshi unakopita."

Ilikuwa kazi ya kwanza aliyowahi kumpa. Wifi alipanda. Fundo lake la kwanza lilifunguka, mama akamwonyesha kwa mikono kutoka chini, na la pili likakaa.

Mvua ilinyesha juma lile. Kaka alirudi Mbeya bila abiria aliyemtarajia. Alisononeka, na kwa muda aliongea nami kwa simu kama mtu aliyedhulumiwa. Sikumlaumu kwa hofu yake, kwa sababu haikuwa ya uongo: mguu wa mama ulikuwa mbovu kweli na njia ya bondeni huteleza. Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Aliutazama mwaka wa mzazi wake kana kwamba hauna mwenyewe, na kwa kuwa mama hakuutangaza kwa maneno, alidhani haujasemwa.

Mama alilima mashamba yote mawili msimu huo, na mavuno hayakuwa ya ajabu. Mahindi yalitoka ya rangi mbalimbali, jambo ambalo majirani walilitania hadi walipochoka. Alipovuna aliteua mbegu kama kawaida, na nilipokwenda kumtembelea nilitazama juu kabla sijaketi. Mzigo ulikuwa mdogo. Ulitosha shamba la nyumbani peke yake. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa amemwita jirani wa upande wa mto na kumwambia kwamba lile la bondeni sasa alitazame yeye. Mwaka huohuo, baada ya kuvuna, alimpigia kaka simu na kumuuliza kama kile chumba bado kipo. Alikaa huko miezi michache, akalisema dirisha kuwa ni zuri, akarudi kabla ya mvua. Tangu hapo amefanya hivyo kila mwaka.

Ninaandika haya Novemba imefika tena. Mama amezeeka zaidi, nami sijui mwaka ujao utatuletea nini. Sidhani kwamba kuna anayejua. Mdogo wetu ameleta habari kwamba duara jipya limekaribia mwamba. Kaka, ambaye hapendi kukumbushwa mambo haya, alinipigia simu juzi aliposikia kwamba nakwenda kijijini. Aliulizia afya, akaulizia mvua, akazungukazunguka, kisha akauliza kama nikifika nitaweza kuingia jikoni na kutazama juu, nimwambie ni mzigo wa kiasi gani, ili ajue kama aanze kukipaka rangi chumba.

Nilitazama. Kuna mafungu machache, yamekaa katikati, moshi unakopita. Bibi yule wa nyumba ya kwanza alikuwapo, amekuja kuomba mahindi mawili matatu maana mbegu zake zimeliwa na panya, na mama alikuwa akimfungia. Bibi aliuliza, kwa kuwa mbegu siku hizi zimechanganyika, hii iitwe mbegu ya nani. Mama hakufikiri. Alimjibu kwamba mbegu huitwa kwa jina la aliyeileta, na hii ni mbegu ya Mkwe.